Udongo wa Chini ya Mgomba

Kila asubuhi, baada ya sala na kabla ya chai, Mwanapili alikuwa akichukua bakuli la maji yaliyooshewa mchele jana yake, akienda nalo polepole hadi kwenye dirisha la chumba cha mama yake. Nyumba yao ya Msambweni ilikuwa ya zamani, yenye kuta nene za mawe, na ukingo wa dirisha ulikuwa mpana kama meza ndogo. Hapo ndipo kilipokaa chungu cha asumini. Mwanapili alimwagia maji kidogo kidogo, akafuta vumbi kwenye majani kwa ncha ya leso, kisha akachuma maua matatu na kuyaweka kwenye kisahani kando ya msala wa mama yake, marehemu Fauzia.

Kutoka jikoni, Bibi angeuliza, "Asumini imeamkaje?"

"Imeamka salama, Bibi."

"Alhamdulillahi."

Mazungumzo yao ya asubuhi yaliishia hapo. Yalikuwa hivyo mwaka mzima, tangu Fauzia azikwe. Zamani Bibi alikuwa mcheshi. Kwa utani wa bibi na mjukuu, alikuwa akimwita Mwanapili "mke mwenzangu" na kumshitaki kwa majirani kuwa anataka kumnyang'anya mume, na majirani wakacheka hadi wakashika mbavu. Utani ule ulikoma siku ya mazishi. Sasa Bibi aliuliza habari za ua tu, na Mwanapili, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, aliamini kwamba mapenzi yote ya Bibi yalikuwa yamehamia chunguni.

Jumatatu moja, alipogusa jani la kwanza, lilibaki mkononi mwake. Akagusa la pili, nalo likaanguka. Lilikuwa la manjano, laini kama karatasi iliyolowa. Aliposhika kitawi ili akitazame vizuri, kilikatika bila hata kutoa sauti. Bakuli lilimponyoka, na maji ya mchele yakatapakaa sakafuni.

"Asumini imeamkaje?" Bibi aliuliza kutoka jikoni.

Mwanapili aliinama, akaliokota bakuli. Yeye peke yake ndiye aliyejua ua lile limefanywa nini.

Siku kumi nyuma, nyumba ilikuwa ikitayarishwa kwa hitima ya mwaka mmoja wa marehemu. Kama ilivyo kawaida ya mtaa wao, gunia la mchanga mweupe lililetwa kutoka ufuoni, mchanga ukatandazwa uani ili wageni wapite mahali safi. Mwanapili alipewa kazi ya kusafisha chumba. Alikuwa akifuta ukingo wa dirisha alipomwona nyungunyungu akitoka chunguni, akijikokota juu ya ukingo, mwekundu na mwenye utelezi.

Alichungulia ndani ya chungu. Juu ya udongo palikuwa na majani makavu, makapi ya chai na ganda la ndizi lililogeuka jeusi. Chini ya ganda palikuwa na nyuzi nyeupe, nyembamba kama utando wa buibui. Mambo yale yalikuwa ya mama yake. Fauzia hakuwa akitupa makapi ya chai hata siku moja. Lakini Mwanapili hakumfikiria mama yake wakati ule. Aliwafikiria wanawake watakaokuja kusoma Kurani kwenye hitima. Alizisikia sauti zao kama vile tayari wamekwisha kaa mkekani: "Tangu Fauzia aondoke, nyumba hii imeingia uchafu."

Na shuleni si walikuwa wamefundishwa kwamba vijidudu vya maradhi hujificha katika uchafu?

Alichukua kifuu cha nazi, akauchota udongo ule mweusi hadi nusu ya chungu, pamoja na nyungunyungu wake, akaenda kuumwaga nyuma ya bafu, chini ya mgomba. Udongo uliobaki aliumwagia maji ya moto yaliyotiwa dawa ya kusafishia choo. Akarudia mara ya pili, ili uwe safi kabisa. Kisha akajaza chungu kwa mchanga mweupe uliosalia uani, akausawazisha kwa kiganja. Ulipendeza! Ulimeta kama chumvi.

Siku ya hitima, mama mmoja alilitazama dirisha lile akasema, "Mashallah, mtoto msafi huyu. Kamrithi mamake." Bibi naye aliuona mchanga, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ile ilikuwa mara ya kwanza kwa mwaka mzima Mwanapili kujisikia furaha.

Sasa Bibi alikuwa amesimama mlangoni, mwiko mkononi. Alilitazama ua, akayatazama majani sakafuni. Alisogea hadi dirishani, akachungulia nje. Chini ya dirisha ilipita kamba ya nguo ya Eunice, mpangaji wao, mama kutoka bara aliyekuwa akifulia nyumba za wageni mashuka. Karai lake lilikuwa limeegemezwa ukutani.

"Eunice! Njoo hapa!"

Eunice alitoka chumbani kwake akijifunga kitambaa cha kichwa. Nyuma yake alikuja Mercy, binti yake, tayari amevaa sare ya shule. Mercy na Mwanapili walikaa dawati moja.

"Shikamoo, Bibi."

"Maji yako ya dawa unayamwaga wapi?"

"Huko kwa mtaro, Bibi. Kila siku."

"Si hapa chini ya dirisha langu?"

"Hapana. Hapa naanika tu."

"Basi maji yenyewe yaliota mbawa, yakaruka hadi chunguni!" Bibi alisema kwa ukali. "Mwaka mzima ua hili halijaangusha hata jani. Una miezi mitatu hapa na dawa zako za kung'arisha mashuka. Tazama! Tazama ulivyolifanya!"

Eunice alilitazama ua kwa muda. "Bibi, mimi najua hilo ni ua la nani," alisema kwa sauti ya chini. "Siwezi kulifanyia hivyo."

"Ni ua la mwanangu," Bibi alisema, na sauti ikamkatika. "Kaanike nguo zako kwingine."

Mercy hakumwangalia Bibi. Alimwangalia Mwanapili. Mwanapili aliinamisha kichwa, akayatazama maji ya mchele yalivyokuwa yakiingia taratibu kwenye nyufa za sakafu. Neno lilimfika kwenye ulimi. Akalimeza.

Njiani kuelekea shuleni, Mercy alitembea upande wa pili wa barabara. Walipokaribia lango alivuka.

"Wewe unajua mama hakumwaga," alisema.

"Mimi sijui kitu."

"Unalala hapo! Unaamka hapo! Hata inzi akitua kwa hilo ua, wewe unamjua jina."

"Nimekwambia sijui, Mercy."

"Sawa," Mercy alisema. "Usijue."

Siku tatu walikaa dawati moja kama watu wasiofahamiana. Jumatano jioni, wakati wa kufunga vitabu, Mercy alisema bila kugeuka, "Mama amepata chumba Ukunda. Tunahama mwisho wa mwezi. Amesema hawezi kukaa mahali anaitwa mharibifu." Akafunga mkoba wake. "Huko sijui nitakaa na nani."

Usiku ule Mwanapili alikula matonge mawili tu ya wali. Kila siku alilizidishia ua maji, na kila siku majani yalizidi kuanguka. Yalibaki tisa.

Alhamisi alipotoka shule alimkuta Bibi amekifunga chungu kwa leso, kama mtu anayempeleka mtoto zahanati. "Twende kwa Bi Kahaso," Bibi alisema.

Bi Kahaso alikuwa na kitalu cha miche kando ya barabara. Alikuwa ametunza bustani na maua ya ndani katika hoteli za Diani kwa miaka ishirini, kisha akarudi kuotesha yake mwenyewe, ndani ya makopo ya maziwa, ndoo za rangi na madumu yaliyokatwa. Watoto walimwita Mama Vikopo, naye hakukasirika. Mikono yake ilikuwa mikubwa, na mistari ya viganja vyake ilikuwa imeingia udongo usiotoka kwa sabuni.

Baada ya salamu, Bi Kahaso hakuyatazama majani. Alipangusa mchanga mweupe kando, akachota udongo wa chini, akaufinya, akaunusa. Akakunja uso.

"Udongo huu umeoshwa kama sahani," alisema. "Hebu, binti, njoo unuse." Alichota udongo mwingine kutoka kwenye ndoo yake. "Anza na huu."

Mwanapili alinusa. Ulikuwa na harufu ya ardhi inapopata mvua ya kwanza.

"Sasa huu wenu."

Ulinuka kama vyoo vya shule Ijumaa mchana, vikishapigwa deki. Mwanapili alirudisha kichwa nyuma haraka.

"Umeona? Wangu uko hai, wenu umekufa," Bi Kahaso alisema. "Watu hudhani ua hula udongo kama sisi tulavyo wali. Hapana. Udongo ni jiko, na ndani yake mna wapishi. Mna nyungunyungu, mna nyuzi nyeupe, mna viumbe vidogo mno ambavyo jicho haliwezi kuviona. Wote hao hula majani yaliyooza na makapi, wakayageuza kuwa chakula ambacho mzizi unaweza kukinywa. Nyungunyungu naye hutoboa njia, hewa ikapita. Ukiwaua wapishi, mwagia maji utakavyo, ua litalala na njaa."

"Lakini wadudu hao si ndio wanaoleta maradhi?" Mwanapili aliuliza kabla hajajizuia.

"Wapo wanaoleta. Ndiyo maana tukishashika udongo tunanawa mikono kwa sabuni. Lakini si kila kilicho kidogo ni adui yako."

"Ni mpangaji wangu," Bibi alisema. "Amemwaga maji yake ya kufulia."

Bi Kahaso aliusugua mchanga kati ya vidole. "Maji ya kufulia hayaleti mchanga wa bahari, Bibi. Mchanga huu una chumvi, na chumvi huukausha mzizi. Na hii dawa si ya nguo." Alimtazama Mwanapili mara moja tu, kisha akarudisha macho chunguni. "Mzizi wa katikati bado una uhai. Nitakata yaliyokauka, nitaosha mizizi, nitaweka udongo wangu. Lakini marehemu alikuwa na udongo wake hapa, ulioizoea asumini hii kwa miaka. Ningepata hata vifuu viwili vya udongo ule nikachanganya, ningekuwa na tumaini zaidi. Bila huo nitajaribu. Siahidi."

"Utapatikana wapi sasa?" Bibi alisema. Kwa mara ya kwanza alionekana mzee sana. "Umekwisha potea."

Mwanapili aliyahesabu majani. Yalikuwa saba. Akisema udongo ule uko wapi, kila mtu atajua ni nani aliyeuficha. Yule mtoto msafi aliyemrithi mamake hatakuwapo tena. Akinyamaza, dirisha litabaki tupu, na Mercy atahamia Ukunda akiwa binti wa mharibifu.

"Haujapotea," alisema. Sauti yake ilitoka ndogo, akairudia. "Haujapotea, Bibi. Uko chini ya mgomba, nyuma ya bafu."

"Nani aliupeleka huko?"

"Mimi. Niliona nyungunyungu, nikaona haya. Nikamwaga dawa ya choo, nikafunika kwa mchanga. Mama Mercy hakufanya kitu." Machozi yalikuwa yakimtiririka, lakini hakuyafuta. "Nilitaka wasiseme nyumba ya mama imekuwa chafu."

Bibi hakumpigia kelele. Alikifunga tena chungu kwa leso, akakibeba mwenyewe, akatangulia. Bi Kahaso alichukua mfuko wa udongo na kisu, akafuata.

Walipofika uani, Bi Kahaso alianza kuelekea nyuma ya bafu. Bibi akamzuia.

"Ngoja kidogo. Kuna kazi inayotangulia." Alikwenda hadi mlango wa mpangaji, akapiga hodi, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku tatu. "Eunice, mwanangu."

Eunice alitoka. Nyuma yake chumbani yalionekana maboksi mawili yaliyokwisha fungwa kamba.

"Nilikudhulumu," Bibi alisema. "Nilikushitaki, nikakuhukumu, wala sikukuuliza vizuri. Aliyeliharibu ua ni mjukuu wangu. Mimi ni mtu mzima, nilipaswa kuwa na subira. Niwie radhi."

Mwanapili alipiga hatua mbele. "Ni mimi, Mama Mercy. Nilisikia ukitukanwa kwa kosa langu, nikanyamaza. Nisamehe." Akamgeukia Mercy. "Na wewe ulinikabili, nikakudanganya."

"Mimi nilikuwa najua," Mercy alisema. "Siku ile ulitazama chini. Wewe hutazami chini hivyo."

"Nimesikia, Bibi," Eunice alisema. "Iliniuma, nisiseme uongo. Iliniuma sana."

Wote walikwenda chini ya mgomba. Mwanapili alipiga magoti, akaondoa majani makavu kwa mkono, akaanza kufukua kwa kifuu kilekile. Udongo ulitokea, mweusi na wenye unyevu. Nyungunyungu wawili walijipinda wakikimbia mwanga. Nyuzi nyeupe zilikuwa zimeenea hadi kwenye ganda kuukuu la mgomba.

Bi Kahaso alichota kidogo, akanusa, akatabasamu. "Bado uko hai. Sasa nataka maji ya kuoshea mizizi, lakini si ya kisima. Visima vyetu vya huku vina chumvi, nasi tunaikimbia chumvi. Kuna mwenye maji ya mvua?"

Bibi na Mwanapili walitazamana. Katika boma zima, aliyekuwa na maji ya mvua ni mmoja tu. Eunice aliyakinga kwenye pipa kwa ajili ya mashuka meupe, na yalikuwa yamebaki robo.

Eunice alisimama akiwa amefumbata mikono. Kisha akashusha pumzi. "Mercy, lete ile ndoo ndogo," alisema. "Ijaze."

Waliitoa asumini chunguni, wakaiosha mizizi kwa upole, mmoja akishika, mwingine akimimina. Bi Kahaso alichanganya udongo wake na ule wa chini ya mgomba, samadi kuukuu ya mbuzi iliyooza vizuri, na vumbi la makumbi ya nazi ili udongo usishikamane. Aliweka vigae chini ya chungu, maji yapate kutoka. Juu akatandika majani makavu. Mwisho wote walinawa mikono kwa sabuni, Bi Kahaso akisimamia kama askari, hata Bibi akaamriwa kusugua kucha.

"Msimwagie kila siku," aliwaonya. "Tieni kidole. Kikitoka kikavu, mpeni maji. Kikitoka na unyevu, mwacheni apumue."

Wiki tatu zikapita. Majani yaliendelea kuanguka mpaka yakabaki mawili, na Mwanapili alikuwa akiamka kwa hofu kila asubuhi. Alipofagia uwanja hakuyachoma tena majani yote kama zamani. Aliyarundika katika shimo karibu na mgomba, pamoja na makapi ya chai na maganda. Mercy alimsaidia. Maboksi ya Eunice yalikuwa yamefunguliwa, na kamba yake ya nguo ilikuwa imerudi chini ya dirisha kwa amri ya Bibi mwenyewe.

Ijumaa moja Bi Kahaso alipita kumjulia hali mgonjwa wake. Alifunua majani ya juu kwa kidole, akamwita Mwanapili. Pembeni mwa shina lililokatwa palikuwa na vichipukizi viwili, vidogo kama punje za mchele.

"Umefanya kazi nzuri," Bi Kahaso alisema. "Sasa sikiliza, binti yangu. Ulipofunika chungu kwa mchanga mweupe, juu palimeta na chini pakafa. Kosa nalo ni vivyo hivyo. Ukilifunika linaua mizizi yako, na ya jirani yako pia. Ukilileta wazi, ukalifanyia kazi, linaoza, linageuka mboji, na kitu chema kinaota juu yake. Usiogope kuonekana na udongo mikononi. Ogopa kuuficha."

"Nimesikia, Bi Kahaso," Mwanapili alisema.

Kesho yake asubuhi alitia kidole chunguni, kikatoka na unyevu, akaliweka bakuli chini. Alisubiri sauti kutoka jikoni. Haikuja. Badala yake alisikia hatua, na Bibi akaingia, akaketi kitandani, mahali ambapo Fauzia alikuwa akikaa kusuka nywele.

"Asumini imeamkaje?" Bibi aliuliza.

"Imeamka salama. Kile chipukizi kikubwa kimefungua jani."

Bibi aliitikia kwa kichwa, lakini hakusema alhamdulillahi. Alikuwa akikunja na kukunjua pindo la leso yake.

"Mwaka mzima nimekuuliza habari za ua," alisema. "Kila siku. Na kila siku, mwanangu, sikuwa nikiliuliza ua. Nilikuwa nikikuuliza wewe. Niliogopa kukuita jina nikakuuliza wewe mwenyewe, nisije nikalia mbele yako, nikakuvunja. Nikapitia kwenye ua. Na wewe ukadhani ua ndilo ninalolipenda, ndipo ukaogopa kunieleza lilipoharibika. Kosa hilo lilikuwa langu, na nilikuwa nimelifunika."

Alinyoosha mkono, akamvuta Mwanapili akae kando yake.

"Leo nakuuliza wewe. Umeamkaje, mke mwenzangu?"

Mwanapili alifungua kinywa kusema salama, kama alivyozoea. Alilitazama jani jipya, kijani kibichi, bado limejikunja kidogo. Kisha akamtazama Bibi.

"Nimeamka nikimtaka mama," alisema.